Msaada wa kisheria wa bure hapa Mwanza, nawapa nyota 4

Jina la ofisi siandiki kwa usalama wa mdogo wangu, ila wapo hapahapa mjini na nimeenda nae mara tatu. Mdogo wangu anauza dagaa pale soko la Mwaloni, mume kampiga na mpini wa jembe mpaka mkono ukavunjika, ndugu wa mume wakaja usiku na laki mbili eti yaishe kifamilia. Tulikua karibu tuzipokee jamani, mtu ana watoto wawili na mkono mmoja.

Yule dada msaidizi wa kisheria hakutufokea wala kutuhubiria. Kauliza kwanza PF3 iko wapi, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, kaisoma yote, kaweka kidole pale daktari alipoandika mfupa umevunjika, akasema hapa ndo panapoamua shemeji yenu anashtakiwa kwa lipi. Akafungua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241 kudhuru mwili ni mpaka miaka 5, cha 225 madhara makubwa mpaka 7. Akatulinganishia na ubakaji, kwamba kwa mtu mzima haushuki chini ya miaka 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni maisha, hiyo ni tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Lakini kipigo hakina kiwango cha chini, hakimu anaweza kutoa hata faini na mtu akalala kwake usiku huohuo. Hapo niliumia sana, maana nilidhani jela ni lazima. Ndo nikaelewa kwa nini anakomaa na ushahidi, picha za mkono, jirani aliyesikia makelele, na fidia iombwe mbele ya hakimu. Akatusindikiza mwenyewe mpaka dawati la jinsia la polisi.

Nyota moja nimekata kwa sababu chumba ni kimoja kimegawanywa na pazia, mdogo wangu anasimulia huku walioko kwenye benchi wanasikia, ikabidi anong'one hadi anaambiwa mama rudia. Tafadhali wekeni mlango. Mwanasheria nae yupo siku mbili tu kwa wiki.

Hawachukui hata mia. Nenda na PF3 na kopi yake, na ufike saa mbili asubuhi, ukichelewa unaambiwa kesho.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. P.O.P, ile plasta ngumu ya mkono, imetolewa juzi, leo kaanza kuanika dagaa, kwa mkono wa kushoto.