Hoteli "rafiki wa mazingira" Paje: maji ya moto safi, ila hiyo AC jamani

Hoteli yenyewe iko ufukweni Paje, jina naliacha, ila wamejiandika rafiki wa mazingira mpaka kwenye sabuni. Nianze na walichopatia maana kipo: maji ya moto. Juu ya paa wana matangi ya sola yanayochemsha maji kwa jua, bafuni hamna hita ya umeme, na alfajiri bado yanaunguza. Hapo nawapa tano zote, maana hotelini ukitoa AC, kuchemsha maji nako kunakula umeme vibaya mno.

Sasa njoo kwenye AC. Mwezi wa saba huo, upepo wa kusi unapiga mpaka mapazia yanapaa, naingia chumbani nakuta AC ishawashwa nyuzi 16 eti ndo karibu mgeni, na mlango wa baraza uko wazi! Yani wanapooza Bahari ya Hindi. Kale kasehemu ka kuchomeka kadi ili umeme ukate ukitoka kapo, ila pameshachomekwa kadi nyingine ya zamani, namuuliza mhudumu anasema "kaka, wageni wakirudi wakakuta joto wanagomba". Simlaumu yeye, mwenye hoteli angefunga swichi ya mlangoni, ukifungua tu AC inazima yenyewe, kesi imeisha.

Alafu kitandani kuna karatasi inakuomba urudie taulo uokoe dunia. Taulo! Na kompresa inanguruma dirishani usiku kucha.

Na hapa ni Unguja jamani, umeme unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, Ras Kiromoni mpaka Fumba, uwezo wake megawati 100, toka 2013, na bara wenyewe sehemu ya umeme wao wanachoma gesi kuupata. Ile kebo ya zamani ilivyoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa giza kama miezi mitatu, hoteli zikawa zinaishi kwa jenereta na dizeli, sasa sijui wenzetu walisahau.

Hoteli ya kisiwa cha Chumbe kule hawana AC kabisa, vibanda vya makuti vimejengwa kupitisha upepo, taa za sola, maji ya mvua, na watu wanalala (bei yake sasa, uwe umejipanga).

Nyota tatu. Ukienda omba chumba cha juu upande wa bahari, zima AC fungua madirisha, feni inatosha kabisa. Neti hazina matundu, nimekagua.