Mukojo wa paka kwenye mabao na fotei: uzoefu wangu na dawa ya enzimu

Mi naishi Goma, Majengo, nyumba ya mabao, na naandika hii juu nimeona watu wengi wanatupa fotei zao ao wanafukuza paka kabisa sababu ya harufu, kumbe njia iko. Paka wetu tulimuleta juu ya panya, na kweli panya waliisha, lakini alipofika kama miezi nane akaanza kukojolea kona ya salo na ile fotei ya watu wawili nyuma ya mulango. Dume asiyehasiwa akifika umri ule anatiaka alama, haiko ubishi, njo maumbile yake.

Nilianza na vile kila mutu anafanyaka: maji na omo, kusugua mupaka vidole vinauma. Na wenyewe munajua maji ya hapa, bidoni ya litre 20 unaibeba juu ya mawe ya volkano ao unalipa chukudu. Nilimaliza bidoni tatu siku moja na jioni harufu ilikuwa palepale.

Kisha javeli, ile ya kufanya nguo nyeupe. Hapa naomba munisikie vizuri: musimwage javeli juu ya mukojo. Mukojo ukikaa unatoa amonia, amonia ikikutana na javeli inatoa gazi mubaya, kloramini, inachoma macho na kifua. Mi nilikuwa nimefunga madirisha juu ya vumbi, nikamwaga, hata dakika tano hazikufika mutoto wangu wa mwisho akaanza kukohoa, machozi yanamutoka, tukakimbia wote inje tukakaa huko mupaka giza. Na harufu haikutoka. Tena sabuni yenye amonia ndani inamurudisha paka palepale, juu kwake inanuka sawa mukojo.

Nikaita vijana wenye kuosha fotei nyumbani. Mashini, povu, parfume mingi, wakachukua pesa wakaenda. Siku tatu fotei ilinukia maua, siku ya ine mvua ikanyesha na mukojo ukarudi pamoja na maua. Nilikasirika sana. Sababu nilikuja kuielewa nyuma: ndani ya mukojo wa paka kuko asidi uriki, inakauka inakuwa kama chumvi kidogokidogo ndani ya ubao na ndani ya eponji, maji na sabuni haviiyeyushi vizuri, na unyevu ukirudi harufu inaamuka tena. Njo maana kipindi cha mvua nyumba inanuka kuliko kipindi cha jua.

Dawa yenyewe nilipata Birere, chupa ya litre moja ya kupuliza, dola 12. Sisemi marke, hapa kila duka linaleta yake, angalieni tu kama kwenye chupa wameandika enzimu, juu enzimu njo zinavunja ile asidi, zingine mingi zinafunika tu harufu. Yule mama wa duka aliniambia, «Mama, hii hapana kupangusa haraka, uiache ifanye kazi.» Na mi nikapuliza juujuu nikapangusa. Bure. Nilikuwa tayari kurudia pesa yangu, lakini nikasoma maandiko ya nyuma ya chupa: dawa inapashwa kufika pale mukojo ulifika, na ibaki majimaji.

Sasa kuijua pale ulifika njo kazi. Jirani yangu kambisti, mwenye kubadilisha pesa, aliniazima ile tochi ya mwanga wa zambarau wanapimaka nayo dola. Usiku kuranti ilikuwa imekatika, nikawasha tochi chini ya fotei, alama zikaonekana za rangi ya manjano hafifu, si moja, sita, na ingine ilishuka kwenye muguu wa fotei mupaka ikaingia katikati ya mabao mawili. Mi nilikuwa nasugua kwingine kabisa!

Nikafungua zipu ya mito, eponji ilikuwa na duara la rangi ya chai, kubwa kama sahani, na chini lilikuwa pana kuliko juu. Nikasuuza kwanza na maji ya baridi tu kutoa omo na javeli, juu vinaharibu enzimu, nikakamua, nikamwaga dawa mupaka ikatokea upande wa pili, nikafunika na shitingi isikauke haraka, siku nzima. Kesho yake nikaanika inje juu ya mawe. Nilirudia mara tatu. Fotei moja ilimaliza chupa nzima, njo lalamiko langu kubwa, hii dawa inakunywa pesa. Lakini imepita mvua tatu kubwa na nikiweka pua palepale kwenye eponji sisikii kitu.

Kama mukojo ni wa leo hamuna haja ya dola 12. Mukaushe na kitambaa bila kusugua, vinegre nusu maji nusu, ikikauka munyunyize bikarbonati, muache usiku kucha, kisha mufagie. Ile maji oksijene ya farmasi, 3%, inasaidia pia, lakini mujaribu kwanza kwenye kona ya kitambaa juu inaweza kutoa rangi, na ukiichanganya na bikarbonati usiifungie ndani ya chupa, gazi inaweza kuipasua. Makala kwenye bakuli nilijaribu pia, inapunguza harufu ya hewa tu.

Paka tulimuhasi kwa veterineri na tukamuwekea karto yenye muchanga mweusi, ninaubadilisha kila siku ya pili, hajarudia kwenye fotei. Na kama dume wako anajikaza kukojoa na mukojo hautoki, hapo haiko tabia, ni ugonjwa, mukimbize kwa veterineri siku ileile.

Kwenye mabao dawa ilifanya nusu. Ubao wa kona tulitoa misumari tukaugeuza: chini ulikuwa mweusi, umelowa mupaka kati, na mawe ya chini yake yananuka pia. Mawe nimemwagia chupa ya pili. Ubao fundi anakuja kuubadilisha siku ya posho, jumamosi.