Ukuta wa nyumba ya ufukweni: zege lenye kihami joto na washindani wake, nimeupanga hivi

Nyumba ya ufukweni inashambuliwa na vitu viwili: joto na chumvi. Wauzaji wa kuta husifia zaidi upande wa joto, maana huo unaonekana kila mwezi kwenye bili ya umeme. Chumvi hufanya kazi kimya kimya. Hupenya kwenye zege mpaka ifike kwenye nondo, nondo ikashika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi sita, zege hupasuka kutoka ndani. Nimepanga machaguo haya nikiitazama chumvi kwanza, kisha joto, na bei baadaye.

Kabla ya kununua chochote, jiulize: nyumba hii utaifunga na kuwasha kiyoyozi, au utaacha madirisha wazi upepo wa bahari upite? Ukuta wenye kihami joto huzuia joto linalopita kwenye ukuta wenyewe. Ukiacha madirisha wazi kutwa, joto la nje linaingia na hewa, na ile fedha ya ukuta ingekufaa zaidi kwenye paa, varanda pana na vivuli vya madirisha. Mpangilio wangu ni wa nyumba inayofungwa na kupozwa angalau sehemu ya siku. Kama yako ni ya kufunguliwa, namba tano ndiyo iwe namba moja yako.

1. Kalibu za povu zinazobaki ukutani

Hizi ni bloku kubwa za povu la polistirini, tupu katikati. Zinapangwa kama matofali, nondo zinasimamishwa ndani, zege linamwagwa, na kalibu, yaani umbo linaloshikilia zege mpaka ligande, haitolewi tena. Kwa kawaida kila upande una povu la sentimita 6 hivi, na kiini cha zege ni sentimita 15 au 20. Ukuta wa aina hii hupitisha joto takriban moja ya kumi ya lile linalopita kwenye ukuta wa bloku zenye matundu. Zege ni kipande kimoja kisicho na maungio ya bloku, kwa hiyo hewa yenye unyevu haipati pa kujipenyeza, na kiyoyozi hakihangaiki kukausha hewa ya bahari usiku kucha. Dhidi ya upepo mkali sijui mshindani wake kati ya kuta za nyumba za kawaida.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba huoni ulichomwaga. Kalibu ya mbao ikivuliwa, matundu ndani ya zege yanaonekana na fundi anayaziba. Hapa povu linayaficha, na tundu lililo karibu na nondo, ufukweni, ni mlango wa chumvi. Sharti langu: zege limwagwe kwa matabaka ya mita moja hivi, vaibreta nyembamba, mashine ya kutikisa zege lishikamane, ipite kila mahali, na baadaye povu likatwe sehemu chache, hasa chini ya madirisha na kwenye kona, mhandisi aangalie kwa macho yake. Mkandarasi anayekataa sharti hilo, mwache.

Povu pia halivumilii jua. Hugeuka njano na kuwa vumbi, basi lipigwe plasta mapema. Kwa ndani lifunikwe na plasta au bodi ya jasi kwa sababu ya moto. Lisizikwe ardhini bila kinga, maana mchwa hupita ndani yake bila kuonekana. Na uliza vile viungio vinavyoshika pande mbili za povu vimetengenezwa kwa nini. Vya plastiki ni bora kuliko vya chuma, kwa kutu na kwa joto pia.

2. Ukuta wa kawaida, kihami joto kwa nje

Zege au bloku za kawaida, kisha mabamba ya povu au ya sufu ya mawe kwa nje, wavu wa nyuzi za kioo na plasta juu yake. Sentimita 5 za povu zinapunguza joto linalopita hadi kama moja ya tano. Uzito wa zege unabaki upande wa chumba, ukitunza ubaridi wa usiku hadi mchana, jambo ambalo namba moja haiwezi kwa kuwa povu lake la ndani linautenga uzito huo na chumba. Ukuta wenyewe unakaguliwa kabla ya kufunikwa, na mafundi wa kuujenga wapo kila mahali. Tatizo ni plasta ya nje: ikipasuka pembeni mwa dirisha, maji hukaa nyuma ya bamba. Inahitaji kutazamwa kila mwaka.

3. Matofali mepesi ya zege lenye mapovu

Yalibuniwa Sweden miaka ya 1920. Uzito wake ni kati ya kilo 400 na 700 kwa mita ya ujazo, wakati zege la kawaida hukaribia 2,400, na tofali lenyewe ndilo kihami joto. Ni mazuri kwa ghorofa za juu. Ila yananyonya maji, na ufukweni mvua huja kwa ubavu. Bila plasta bora ya nje inayopitisha mvuke, sikushauri.

4. Paneli za povu zenye wavu wa chuma

Povu liko katikati, wavu pande zote mbili, zege hupulizwa juu yake. Ujenzi ni wa haraka na joto linazuiliwa vizuri. Lakini zege linalofunika waya huwa sentimita chache tu, na waya ni mwembamba. Mbali na bahari ningeipandisha juu. Mita mia kutoka majini, hapana, isipokuwa waya uwe wa chuma kisichoshika kutu.

5. Bloku tupu bila kihami joto

Kwa nyumba iliyo wazi yenye vivuli vizuri, inafaa kabisa. Kwa nyumba ya kiyoyozi ni kulipia umeme unaovujia ukutani.

Ukuta wowote utakaochagua, zege lake ndilo la kubishania. Mchanga wa ufukweni haufai, wala maji ya bahari, kwa zege lenye nondo. Maji yasizidi asilimia 40 ya uzito wa saruji, na nondo ifunikwe na zege la milimita 50 au zaidi. Omba saruji iliyochanganywa na slagi ya tanuru la chuma (mabaki ya kuyeyusha madini ya chuma, yaliyosagwa) au pozolana (unga kama wa majivu ya volkano): hupunguza kupenya kwa chumvi, na hupunguza kaboni. Utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotolewa na binadamu duniani, kwa hiyo neno "kijani" kwenye tangazo la ukuta wa zege lipime kwa saruji iliyomo, pamoja na umeme utakaookoa.

Mwaka 2018 kimbunga Michael kilipoivunja Mexico Beach, Florida, nyumba moja ya zege la kumwaga ilibaki imesimama katikati ya vifusi. Ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo zilizozamishwa chini sana, na sehemu yake ya chini ilijengwa ing'oke ikipigwa na maji bila kuivuta nyumba. Muuzaji wa ukuta hatakutajia nguzo. Mtajie wewe, na hesabu zake uzione kabla ya kulipa malipo ya awali ya kalibu.