Nimebadilisha vioo vya madirisha ya mbao nyumba ya mzee, Forest ya Zamani Mbeya: uzoefu wangu

Wadau habari zenu. Madirisha ya nyumba ya marehemu baba yamenihangaisha tangu mwaka jana, sasa yamekamilika na baridi yote ya Juni na Julai nimeipitisha humo ndani, kwahiyo naongea kitu nilichokiona kwa macho.

Nyumba ni ya miaka ya 50, madirisha ni mninga wa zamani, kila mlango wa dirisha una vipande viwili vya kioo vilivyoshikwa na puti. Vioo tisa vilikuwa na nyufa, vingine tuliziba na maboksi toka nasoma shule ya msingi. Kila fundi aliyekuja alisema dada ng'oa hayo weka aluminiamu, mmoja akaanza kupima kabla sijamjibu. Mimi nikachukua patasi nikakwangua rangi kona ya chini pale maji ya mvua yanapotuama, mbao ikatoka nyekundu, ngumu, haina hata tundu la mdudu. Sasa naing'oa ya nini?

Nilipokosea ni kwenye unene. Duka moja Mwanjelwa wakaniambia Mbeya baridi kali chukua mili 6, kioo kinene kinazuia baridi. Nikachukua vinne vya kuanzia. Vipande vyangu ni futi moja na nusu kwa mbili, kwa mili 3 kipande kimoja kina kama kilo 2, kwa mili 6 kinafika kilo 4, yaani mlango wa dirisha uliokuwa unabeba kilo 4 za kioo ukabeba 8 na bawaba ni zilezile za enzi hizo. Haikupita mwezi ukalala, ukawa unakwaruza fremu chini mpaka uunyanyue kwa bega ndo ufunge. Na ule mfereji wa mbao kioo kinapokaa ni mfupi, kioo kinene kikishaumeza puti inabaki kama utando. Na baridi je? Ileile. Kioo kimoja hata kiwe kinene vipi baridi inapita karibu sawasawa tu, kinachosaidia ni hewa iliyofungiwa katikati ya vioo viwili, na vya namna hiyo havikai kwenye mbao nyembamba kama hizi. Iliniuma sana maana niliuliza kabisa, na anayeuza vioo kila siku alitakiwa kuniambia.

Ndo nikaelekezwa mzee mmoja fundi wa Soweto. Huyu hakuanza na futikamba, alikuja jioni upepo ukivuma akaomba mshumaa, akauwasha akaupitisha taratibu pembeni ya dirisha. Kwenye kioo kizima moto umesimama wima, alipofika pale milango miwili inapokutana moto ukalala kabisa ukataka kuzima. Akasema, "Mwanangu, upepo unaingilia hapa, kioo unakionea." Tukaziba hizo nafasi kwanza kwa mkanda wa sponji, nikaweka na mapazia mazito, chumba cha mama kilibadilika usiku uleule kabla hata ya kioo kipya.

Vioo tukachukua mili 4 vyeupe kwa vipande vikubwa na mili 3 kwa vile vidogo vya juu. Tinti nilikataa, huku jua la asubuhi unalihitaji lote. Bafuni kioo cha maua. Mlango wa nyuma wenye kioo mpaka chini, watoto wanakimbilia pale, nikaweka leminetidi, kikivunjika vipande vinabaki vimeshikana. Tempa, yaani kioo kilichookwa kiwe kigumu, nayo nzuri ila haikatwi tena ikishatengenezwa, lazima upeleke vipimo kamili ndo waioke.

Kupima ndo kwenye kazi. Mbao za zamani zimepinda, mzee alipima kila tundu juu, katikati na chini, akachukua kipimo kidogo kuliko vyote halafu akapunguza mili 3 upana na urefu. Mbao inavimba masika, kioo kikibana kinapasuka chenyewe. Na puti jamani, sio ile ya ukutani! Fundi wa mwanzo alinipakia ya ukutani, kiangazi hakijaisha ikadondoka kama unga. Ya madirisha ni ya unga wa chaki na mafuta ya kitani, unaikanda kwa mkono mpaka ilainike, na kabla ya kuiweka lazima mbao ipigwe praima, mbao kavu inanyonya yale mafuta na puti inakauka inapasuka. Tulisubiri kama wiki mbili ishike ndo nikapaka rangi ya mafuta, nikaivusha kidogo iguse kioo ili maji yasipate pa kupenya.

Vioo viwili vya sebuleni mzee alinikataza kutoa, ni vizima. Ni vya kabla ya ule utaratibu wa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati (tin) yaliyoyeyushwa ili kinyooke, uliotangazwa na Pilkington wa Uingereza 1959, havijanyooka, ukisogeza kichwa unaona mlima Loleza unacheza kama uko ndani ya maji. Baba alikuwa anakaa hapohapo na chai yake. Vimebaki.

Bawaba nimebadilisha zote. Vile vinne vya mili 6 mzee amenikatia rafu za kabati la vyombo, akasaga kingo kwa jiwe la maji zisikate mikono, na hapo kwenye kabati unene wake umefaa kweli.