Singo mpya za wakongwe wa roki na metali: zilizonikaa na zilizonipita

Linkin Park ndio walionishangaza. Mwimbaji wao Chester Bennington alipofariki Julai 2017, nilijua bendi imekwisha. Februari 2023 walipotoa "Lost", wimbo aliourekodi enzi za albamu yao ya Meteora ukabaki kabatini, sauti yake ilizidi kunihakikishia kwamba nafasi ile haina wa kuijaza. Halafu Septemba 2024 ikaja "The Emptiness Machine" na mwimbaji mpya, Emily Armstrong.

Sikiza walivyoupanga. Mike Shinoda, ambaye masikio yetu yamemzoea tangu zamani, ndiye anayeanza, ubeti na kiitikio. Emily haingii mpaka ubeti wa pili. Ni kama mwenye nyumba anayetangulia mlangoni, kisha ndipo amkaribishe mgeni. Akishaingia, anapokea kiitikio kilekile kwa sauti yenye mikwaruzo, na wimbo unapanda bila gitaa kuongezwa kelele za bure. Singo iliyofuata, "Heavy Is the Crown", ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya dunia ya gemu ya League of Legends, na kwa kawaida nyimbo za kuagizwa namna hiyo mie huziruka. Hii haikurukika. Kuna ukelele mmoja wa Emily mle, wa sekunde kama 16, pumzi moja tu. Wanaotaka awe Chester bado wapo, na hawatatosheka. Mie nimetosheka.

Metallica nao walitanguliza "Lux Æterna" mwishoni mwa Novemba 2022. Dakika tatu na ushei, mbio mwanzo mwisho, Lars Ulrich anapiga ngoma kama kijana. Raha tupu, ila nina neno. Albamu yenyewe, 72 Seasons, ilipotoka Aprili 2023 ilikuwa na zaidi ya dakika 77, na sehemu kubwa yake ni mwendo wa wastani, mirindimo inayorudiwa na kurudiwa. Singo ilituahidi kitu ambacho albamu haikuwa nacho kwa wingi. Cha ajabu, wimbo ninaourudia mpaka leo ni "Inamorata", wa mwisho kabisa, zaidi ya dakika kumi na moja. Huo hawakuutoa kama singo, na naelewa kwa nini: redio gani ingeucheza?

Kwetu Mombasa hata ule mfupi hauchezwi. Ukipanda matatu ya Bamburi utapigwa reggae, bongo na gengetone, na zile spika za besi zilizojazwa nyuma zingemeza gitaa zote hata makanga akikukubalia uchomeke simu yako. Roki hapa ni mambo ya hedifoni. Nyumbani nikiiweka kwa spika, shangazi huuliza, "Huyo analia nini, kafiwa?"

Ila ami yangu alinishinda. Yeye ni mtu wa Juma Bhalo na Zein l'Abdin, magwiji wa taarab, udi tu ndio ala, mengine makelele. Nilikuwa nasikiza "The Writing on the Wall" ya Iron Maiden, singo yao ya Julai 2021, ya kwanza kutoka albamu ya Senjutsu. Huo hauna haraka. Gitaa linaanza taratibu, Bruce Dickinson anaingia kama msimulizi, na Adrian Smith akifika zamu yake ya kupiga peke yake anachukua muda wake, kila noti yasikika. Ami akanyamaza mpaka ukaisha, zaidi ya dakika sita, karibu muda wa kuvuka Likoni kwa feri. "Mpigaji huyu ajua," akasema, akaondoka zake. Aliyekulia kwenye taarab hachoshwi na wimbo mrefu, wala na ala inayojibizana na mwimbaji. Wazee wetu pengine wangeielewa Maiden kuliko vijana wa video za sekunde kumi na tano.

AC/DC na "Shot in the Dark" ya 2020 nitaipita haraka: ni AC/DC. Mpiga gitaa wao Malcolm Young alishafariki 2017, lakini nyimbo za albamu ile ya Power Up zimetokana na mawazo aliyoyaacha na ndugu yake Angus, na kweli mkono wake wausikia. Nzuri, wala hainipi jipya.

Judas Priest, "Panic Attack", Oktoba 2023. Mwimbaji wao Rob Halford alikuwa na miaka 72. Zile sauti za juu kabisa bado anazifikia, na gitaa mbili zinakimbizana nyuma yake kwa kasi ya watoto. Kama bando lako latosha singo moja tu katika hizi, chukua hii, na usiisikize kwa spika ya simu. Weka hedifoni, uongeze sauti mpaka shangazi aje mlangoni.