TAHADHARI: "Gundi orijino ya boti" ya kopo jeupe ni gundi ya viatu

Wenye boti za mpira kuanzia Mombasa hadi Mtwara, nanyi wa Unguja, Pemba na Mafia, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna gundi inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa jina la "gundi orijino ya boti, PVC na Hypalon zote", yaani aina mbili za mpira wa boti: PVC ya plastiki na Hypalon ya raba. Inakuja kwenye kopo jeupe la robo lita lenye stika iliyochapwa kwa printa ya kawaida, bila namba ya toleo wala tarehe ya kuisha. Pembeni kuna kichupa cha plastiki cha hadina, dawa ya kukaza gundi, kilichozungushiwa selotepu. Muuzaji anataka nusu ya hela kwa simu kwanza, mzigo unaletwa na bodaboda, duka halionekani. Ndani ya kopo ni gundi ya njano ya fundi viatu. Ndani ya kichupa ni thina tupu.

Ubaya wa gundi hii ni kwamba inashika. Ukibandika jioni, asubuhi kiraka kimetulia, ukijaza upepo hakivuji, na kwa siku mbili tatu utamsifu muuzaji. Kisha boti inatoka na wageni saa nne, jua la saa saba linapiga tyubu ya kijivu mpaka huwezi kuiwekea mkono, na gundi isiyokazwa inalainika. Wakati huohuo upepo wa ndani unatanuka kwa joto na kukisukuma kiraka kutoka chini. Kinaanza kuteleza ukingoni, kidogokidogo, halafu kinafunguka chote. Hapo mko nje ya mwamba na watu ndani ya boti. Ndiyo maana tunaliandika jambo hili kwa uzito, si kwa sababu ya bei ya kopo.

Ukimlalamikia muuzaji, jibu lake liko tayari: "Umebandika nje kwenye unyevu, kosa lako." Wengi wananyamaza hapo, maana jibu hilo lina ukweli nusu. Kubandika nje huku pwani kuna mitego kweli. Basi jifunze kutofautisha kosa la unyevu na kosa la gundi.

Bandua kiraka kilichofeli ukitazame kwa karibu. Kama ni unyevu, kimetoka kikavu, bila nyuzi. Gundi yote imebaki upande mmoja, na juu yake kuna utando mweupe hafifu kama pumzi kwenye kioo. Kama ni gundi ya viatu, inavutika nyuzi ndefu kama bigijii, na pande zote mbili bado zinanata kidole hata baada ya wiki. Ukiipangusa kwa asetoni inayeyuka yote. Gundi ya kweli ya sehemu mbili, yaani gundi na hadina yake, ikishakazwa haiyeyuki tena. Inavimba tu na kugeuka kama ngozi.

Kuna alama ya tatu, ya boti za PVC. Baada ya wiki kadhaa unakuta chini ya kiraka ute wa kahawia unaonata kama asali. PVC hulainishwa kiwandani kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo huhamia taratibu kwenye gundi ya neoprini, kama hii ya viatu, na kuiozesha. Kwa hiyo PVC inataka gundi ya poliyurethani, na Hypalon inataka ya neoprini ya sehemu mbili. Anayekuuzia kopo moja la "zote mbili" bila kukuuliza boti yako ni ya mpira gani, mwache. Kuitambua ni rahisi: kwaruza sehemu iliyofichika kwa msasa. Hypalon inatoa vumbi kama la raba ya kufutia. PVC inabaki na mikwaruzo ya plastiki, na ukiigusa kwa asetoni inalainika na kunata.

Sasa vipimo vya kufanya mzigo ukiwa mkononi, kabla ya kumalizia hela. Dondosha tone la hadina kwenye kipande cha kioo uache usiku kucha. Hadina ya kweli ina isosayaneti inayokazwa na unyevu wa hewa, hivyo inaacha utando mgumu unaong'ang'ania kioo. Thina na asetoni hukauka na kuacha kioo kitupu. Hiki kipimo kimoja tu kingewaokoa wengi. Pia tazama chupa yenyewe: hadina halisi hufungwa kwenye kioo au alumini iliyozibwa vizuri, na ikishaingia hewa huwa na ukungu, huganda na haifai tena. Muuzaji akikataa usiifungue hata tone moja, usilipe iliyobaki.

Kipimo cha pili ni cha mshiko. Kata vipande viwili vya mpira vyenye upana wa sentimita 2.5, vibandike kwa utaratibu kamili, acha siku tatu. Viweke juani saa nzima adhuhuri, kisha ningʼiniza kilo 2 kwenye ncha moja iliyobanduliwa kidogo. Gundi nzuri haisogei. Ya viatu inafunguka mbele ya macho yako.

Vilevile angalia viraka anavyoviuza pamoja na kopo. Vingi ni vipande vya turubai la lori. Na akikuapia kwamba ni "Hypalon mpya kutoka DuPont", kumbuka kampuni hiyo ilifunga uzalishaji wa Hypalon mwaka 2010. Mpira wa aina hiyo bado unatengenezwa na viwanda vingine, lakini kwa majina mengine.

Ukishapata gundi sahihi, usimpe muuzaji kisingizio. Makopo mengi yanataka joto la nyuzi 18 hadi 25 na unyevu chini ya asilimia 60 au 70. Kwetu asubuhi unyevu unapita 80 mara nyingi, kwa hiyo subiri umande ukauke: siku kavu, kati ya saa tano na saa tisa mchana, na nunua kipima unyevu kidogo badala ya kubahatisha. Wakati wa masika usijaribu nje kabisa. Tafuta chumba chenye kiyoyozi, kwani kinakausha hewa. Funga turubai juu kwa kivuli, maana jua kali hukausha gundi juu tu, kiyeyushi cha gundi kinabaki chini na kufanya malengelenge. Tandika nailoni chini, kwa sababu mchanga mbichi unatoa mvuke usiouona. Upande wa upepo weka kizuizi cha vumbi.

Toa upepo wote, laza tyubu iwe bapa. Kiraka kipite tundu kwa sentimita 5 kila upande, na pembe ziwe za mviringo. Chora mpaka kwa penseli, zungushia tepu. Hypalon isuguliwe kwa msasa namba 80 hadi 120 pande zote mbili mpaka mng'ao uishe, kisha ipanguswe kwa kiyeyushi cha toluini; PVC ipanguswe kwa kiyeyushi cha MEK au kwa asetoni, bila kuisugua hadi nyuzi zionekane. Changanya hadina kwa kipimo cha lebo, kwa kawaida gramu 5 hivi kwa gundi gramu 100. Pima kwa bomba la sindano, usikadirie kwa jicho. Paka nyembamba, mkono mmoja, acha dakika 20 hadi 30, paka wa pili, halafu jaribu kwa mgongo wa kidole: ikivuta kidogo bila kuacha alama, bandika. Ukiona ukungu mweupe juu ya gundi, simama. Futa uanze upya, usijidanganye kwamba ukungu huo utapotea. Kandamiza kutoka katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko, kwa nguvu, kila inchi. Usijaze upepo kabla ya saa 24, na usijaze kikamilifu kabla ya siku tatu. Vaeni glavu, kaeni upande upepo unakotoka, na mwenye pumu asishike kazi hii: isosayaneti na toluini vinaumiza mapafu.

Kama tayari umebandika kwa kopo jeupe, usiongeze kiraka juu yake, maana gundi nzuri haishiki juu ya laini. Pasha kwa kikausha nywele, bandua polepole, toa gundi yote mpaka mpira uwe mtupu. Hifadhi kopo, stika, picha na ujumbe wa muamala. Tanzania peleka Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Mpaka kiraka kipya kimalize siku zake tatu, boti ibaki ufukweni.