Mashimo ya Nyoka ya Narcisse, Manitoba: Mahali Pazuri, Ukijua Tarehe

Hifadhi hii ya Kanada iko kilomita 6 kaskazini mwa Narcisse, kando ya Barabara Kuu Namba 17, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Winnipeg. Mashimo ni manne, na njia ya miguu ya kilomita 3 inayaunganisha. Anayefika siku ya mawingu na upepo wa baridi ataona mawe matupu, arudi akilalamikia petroli yake. Nyoka wanakuwa chini.

Nenda kati ya mwisho wa Aprili na wiki ya tatu ya Mei, siku ya jua, kuanzia saa nne asubuhi. Nyoka hawa, gata wa ubavu mwekundu (Thamnophis sirtalis parietalis), hupitisha baridi ndani ya nyufa za mawe ya chokaa, kina ambacho barafu haifiki. Madume hutangulia kutoka kwa maelfu, wakabaki palepale wakisubiri majike wajamiiane nao. Majike, wakubwa na wanene zaidi, hutoka kidogo kidogo, na kila mmoja huvamiwa na madume kumi, ishirini, pengine mia, wakasokotana kama ukili.

Ukitulia kwenye jukwaa la kutazamia, angalia kidevu cha dume: hukisugua mgongoni mwa jike huku ulimi ukichezacheza, akipima mafuta ya ngozi yake. Wapo madume waliotoka punde wanaonukia kijike. Wenzao huwafunika, nao hupata joto la bure na kinga dhidi ya kunguru. Kunguru hao humtoboa nyoka tumbo, wakala ini, basi. Mizoga mingine ni ya waliokosa hewa chini ya rundo.

Wageni wengi hawavijali vizuizi vya kando ya barabara na vipitio vilivyojengwa chini yake, nami naona ndiyo kazi bora kuliko zote hapa: bila hivyo magari huwasaga nyoka wanaokwenda mabwawani kula vyura na minyoo, na wanaporudi Septemba. Msimu huo wa kurudi una utulivu zaidi, ila marundo hayapo.

Hawana madhara kwa binadamu, kwa hiyo fimbo iache garini. Ukimshika atakupaka uvundo usiotoka upesi kwa sabuni. Afadhali usimguse, hasa mikono ikiwa na dawa ya mbu. Beba maji, chomeka suruali ndani ya soksi, na ujikague kupe kabla ya kupanda gari.